Mgomba Uliozikwa kwa Sababu ya Betri

Masara, usiku wa kuamkia safari yako

Adhiambo mwanangu,

Barua hii itakufikia kwa mkono wa Chacha, yule Mkuria ninayechimba naye dhahabu. Anatoka hapa alfajiri kwenda Homa Bay kumwona dada yake, na ameniapia kwamba atakukuta steji kabla gari la Kisumu halijajaa. Chacha ni mwongo katika mambo mengi, lakini barua hajawahi kupoteza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpa. Kama unasoma haya, basi ameanza vizuri.

Ningekupigia simu. Lakini umeme ulikatika jana, mwenye kibanda cha kuchaji anasema jenereta yake haina petroli, na simu yangu imebaki na chaji kidogo ambayo nimeiwekea kazi nyingine. Kazi hiyo nitakutajia mwishoni.

Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha nyumbani kwetu. Mama yako Boke aliolewa Lambwe bila neno hata moja la Dholuo, nami Kikuria kilinishinda, basi tukakulea kwa lugha ya sokoni. Kuandika nilifundishwa hadi darasa la sita. Ukikuta kosa, lipite.

Najua mama yako amekwisha kukuambia juu ya chakula, kanisa, wavulana na kuanika nguo za ndani mahali pa siri. Sitarudia. Huko Kitale unakokwenda kusomea uuguzi wapo watu wanaolipwa kukufundisha mengine yote. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni betri ya simu. Cheka kama unataka. Shangazi zako wangecheka: binti anaondoka nyumbani, na baba mzima anakaa chini kumwandikia mambo ya chaji. Lakini wewe unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyekaa juu ya lile jiwe.

Nianze na Injinia, kwa kuwa upumbavu wangu wote kuhusu simu niliuchukua kwake. Injinia ndiye mwenye kibanda cha kuchaji hapa Masara. Hakusomea uinjinia wala kitu kingine chochote. Jina alijipa mwenyewe siku alipofaulu kuunganisha waya mbili bila kuunguza nyumba. Kibanda chake ni cha mabati pande zote na juu pia, na mchana ndani mwake unaweza kukaushia mihogo. Humo ndimo tunamopeleka simu zetu. Anazifunga vipande vya plastiki vyenye nambari, anazilaza moja juu ya nyingine kama samaki wa ngege kwenye beseni la muuzaji, halafu anaketi nje kwenye kivuli na kutoa mafundisho.

Yeye ndiye aliyeniambia simu mpya ichajiwe usiku kucha kabla haijawashwa hata mara moja, la sivyo haitakuwa na nguvu maisha yake yote. Yeye ndiye aliyeniwekea ile programu ya kuokoa betri, iliyokuwa na picha ya ufagio ukifagia, ukifagia, na kila baada ya kufagia inakuonyesha tangazo la viatu. Simu ilikuwa ikifanya kazi ya kufagia kutwa nzima na ikifika jioni imechoka kuliko mimi.

“Jaduong', mzee wangu, betri yako ina uvivu,” aliniambia siku moja, akiipima simu kwenye kiganja kama mtu anayenunua nyama. “Lazima uifundishe njaa. Iache ife kabisa, kabisa, ndiyo uniletee.”

“Na ikifa ikakataa kuamka?”

“Betri haiwezi kukataa. Ikionekana kama inakataa, ilaze juu ya bati, ipate jua. Inatoa unyevu.”

Watu wazima tulikuwa pale, wenye wake na watoto, na tuliitikia kwa vichwa. Niliifundisha njaa. Niliianika juu ya bati. Nilikuwa naiona inavimba mgongo, kioo kinaanza kuinuka pembeni, nikafikiri inanenepa kwa sababu inashiba.

Sasa sikiliza juu ya ndoo, kwa sababu hukuwahi kufika hapa na sitaki ufike.

Mdomoni mwa mashimo yetu kuna mama anayeuza chai na mandazi, Min Achieng. Mchimbaji akitaka kushuka anamwachia simu yake, naye anaiweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile iliyokuwa ya rangi ya ukuta. Chini hakuna mtandao, kuna maji na vumbi, na simu haina kazi huko. Ikiita ndani ya ndoo, Min Achieng anaitazama. Akiona ni mke wa mtu anapokea na kusema, “Yuko chini, atatoka jioni.” Ndiyo desturi ya hapa. Mtu yeyote mwenye akili timamu aliifuata.

Mimi niliwacheka. Niliwaambia wanaweka wake zao kwenye ndoo. Mimi nilikuwa na simu kubwa ya kugusa, ya kwanza katika kundi letu, na sikuwa tayari kuilaza pamoja na mulika mwizi, zile simu ndogo za vitufe, za akina Chacha. Tena taa yangu ya kichwani ilikuwa imekwisha mawe ya betri, na badala ya kununua mengine nikaona nina tochi mfukoni. Basi nikashuka nayo. Nikaitegemeza kwenye mbao, tochi inawaka, nami napiga mwamba kama mtu mwenye umeme wa serikali. Nilijiona mjanja. Ningekuwa na mkia ningeutikisa.

Siku hiyo simu ilitoka shimoni imekufa. Sikujali, maana ndivyo Injinia alivyofundisha. Usiku mvua ikanyesha, ile ya kutoboa mabati, na asubuhi kabla hatujashuka shimo la jirani yetu likaporomoka na watu ndani.

Hayo ya uchimbaji wa kuwatoa sitakuandikia. Tulichimba mchana na tulichimba kwa taa. Wengine walitoka wazima na wengine hawakutoka wazima. Kitu ninachotaka ujue ni ile ndoo. Simu za watu waliokuwa chini ziliita zote kwa pamoja, kwa sababu redio ya huko kwetu ilikuwa imetangaza. Zilitetemeka mpaka ndoo ikawa inasogea yenyewe kwenye udongo. Min Achieng aliketi juu ya mfuniko kwa muda, ameshika kichwa. Halafu akaondoka juu ya mfuniko, akafungua, akaanza kuzipokea moja moja. “Simu ya mtu wako iko kwangu. Yeye bado anachimbwa. Nitakupigia.” Alisema hivyo mpaka sauti ikamkauka. Kila mtu aliyekuwa na simu ndani ya ile ndoo, nyumbani kwake walijua ukweli, hata kama ukweli wenyewe ulikuwa mbaya.

Ya kwangu ilikuwa mfukoni mwangu. Imekufa.

Chacha aliniona naihangaikia akanipa yake. “Chukua, omera, ndugu yangu, pigia bibi yako umwambie uko hai.”

Nikaichukua. Nikaweka kidole juu ya vitufe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba simjui mke wangu. Nambari yake niliihifadhi mara moja kwa jina la Boke, na tangu siku hiyo nilikuwa nikibonyeza jina. Ya kwako, sijui. Ya ndugu yangu Owuor, sijui. Nambari pekee niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa yangu mwenyewe. Chacha alisema, “Basi jipigie,” na wale waliokuwa karibu, waliojaa matope ya makaburi ya watu, wakacheka. Hata mimi nilicheka. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau wakati nacheka.

Tukajaribu kutoa kadi ya laini yangu tuiweke kwenye mulika mwizi ya Chacha. Yangu Injinia alikuwa ameikata ndogo ili iingie kwenye simu kubwa. Tundu la simu ya Chacha lilikuwa la laini kubwa. Ilipenya, ikapotelea ndani, na tukaishia kuikung'uta simu ya watu kama kiatu chenye changarawe. Nikaenda kwa Injinia. Alikuwa amefunga kibanda, kufuli mlangoni, amekwenda zake mjini kungoja mambo yatulie. Injinia huyo.

Wakati huohuo huko Lambwe ulikuwako wewe, kwa hiyo hapa utanisahihisha. Mama yako ndiye aliyenisimulia. Walipiga, wakaambiwa na yule mwanamke wa kampuni kwamba mteja hapatikani. Wakapiga tena, hapatikani. Jioni akaja ndugu yangu Owuor.

Unamfahamu baba yako mdogo. Ni mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akingoja jambo kubwa litokee ili asimame katikati yake na kutoa amri. Kazi hana, shamba lake linalimwa na mke, lakini penye matanga utamkuta ameshika kalamu. Aliketi kwenye kiti changu akamwambia mama yako, “Nyar Kuria, binti wa Wakuria, jipe moyo. Simu ya mchimbaji haizimwi siku mbili mwenyewe akiwa hai. Sisi wanaume tunaelewa mambo haya.”

Mama yako akamjibu, “Simu yake huzima kila siku, shemeji. Ni mpumbavu tu.”

Namshukuru kwa neno hilo. Lilikuwa neno la kweli zaidi lililosemwa katika boma langu wiki ile. Lakini nani atamsikiliza mwanamke Mkuria mbele ya mwanamume aliyekwisha kukunja mikono ya shati? Owuor alipata habari kwa mtu aliyepata habari kwa mtu mwingine kwamba maiti za watu wa Homa Bay ziko njiani. Hakuuliza za nani. Akawakusanya vijana usiku, wakachimba kaburi kando ya nyumba yangu, upande wa mwanamume, kama inavyotakiwa. Asubuhi alikuwa amemfunga yule fahali wangu mweusi chini ya mti na anaulizia nani ana kisu kizuri. Shangazi zako wakaanza kulia. Walilia vizuri, nimeambiwa. Mmoja alinisifu kwamba nilikuwa mtu mwenye hekima, na huo ndio uwe uthibitisho kwako kwamba kwenye matanga watu husema chochote.

Wewe hukulia. Mama yako aliniambia ulichukua simu yake ukapanda kule juu, kwenye jiwe linalotazama mbuga ya Ruma, kwa sababu ndipo mtandao hushika, ukaketi ukawa unapiga. Unapiga, unakata, unapiga. Walikuita ule, hukushuka. Walikuita uje unyolewe nywele kwa msiba, ukawatupia mawe. Ulipiga mpaka simu ya mama yako nayo ikafa mkononi mwako. Ukashuka ukaenda kwa miguu hadi madukani, ukaichaji, ukarudi palepale juu ya jiwe. Ulikuwa kidato cha tatu. Hukuniambia hata siku moja jambo hilo, na mimi sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ningelazimika kukutazama usoni.

Mimi nilikuwa njiani. Baada ya kutoa watu machimbo yalifungwa, nikaenda mji wa Suna, nikamwomba mtu wa duka anichajie. Simu ilikataa kuamka. Nikapanda lori la mchanga, nikapanda lingine, na siku ya pili nikaingia katika boma langu nikiwa na njaa.

Mtu akikuambia ni jambo zuri kuona jinsi watu wanavyokupenda ukifa, mwambie ajaribu. Shangazi yako Awino alinitazama akakimbilia kwenye migomba na kilio chake hakijaisha. Watoto walitawanyika. Wazee wakanisimamisha langoni, nisiingie mpaka jogoo achinjwe kuondoa mkosi, nami nimesimama pale kama mchuuzi wa sufuria. Na Owuor akaja. Unajua alisema nini, ulikuwapo umeshuka kutoka kwenye jiwe.

“Ndugu yangu,” alisema, kwa uchungu kabisa, “kwa nini hukupiga simu?”

“Ilizima.”

“Ilizima.” Akageuka akatazama kaburi, akatazama fahali, akatazama vijana waliokuwa wamechimba usiku kucha. “Sasa hili shimo tutafanyia nini?”

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. Kaburi likichimbwa kwetu halifukiwi tupu, hilo unalijua, litamtafuta mwenyewe. Basi wakakata mgomba, wakauvingirisha katika shuka yangu, wakauzika. Nami nilisimama nikatazama. Owuor alitaka kuomba dua, mama yako akamkataza. Na kwa sababu ndugu yangu hawezi kufanya jambo lolote polepole, hakuukata mgomba vizuri, aliung'oa pamoja na kitako chake chenye mizizi. Kabla mvua nyingine haijaisha ukachipua. Leo una watoto kuuzunguka na unazaa ndizi, na hakuna anayethubutu kuzila isipokuwa nyani.

Baadaye, niliporudi kazini, nilipita Suna tena na ile simu. Kuna mama mmoja Mwislamu pale mjini, Mama Nasra, ambaye watu wake walikuja zamani kufanya biashara. Anatengeneza simu kwenye meza nyembamba mbele ya duka la nguo la mumewe. Aliifungua yangu kwa kipande cha plastiki. Akanivutia taa nione.

“Simu hii ulikuwa unaichaji wapi, baba? Jikoni?”

“Kibandani. Halafu naianika kidogo juu ya bati.”

“Juu ya bati. Kwenye jua.”

“Niliambiwa inatoa unyevu.”

“Umeona mtu akianika mayai juani ili yasioze?”

Akanionyesha betri ilivyovimba. Alisema hilo tumbo ni joto na njaa, miezi na miezi, na kwamba nina bahati haikuwaka moto kwenye suruali. Alisema betri za siku hizi hazitaki kufa ndipo zichajiwe. Ukiziacha zishuke mpaka mwisho unazikata maisha, na ukiziacha zikae zimejaa pomoni kwenye joto unazikata pia. Ikifika asilimia ishirini iweke kwenye chaji, ikifika themanini itoe, usiiabudu hiyo mia. Yote haya aliyasema bila kuninyanyulia macho, kama mtu anayekemea mbuzi.

Kisha akaniuliza, “Na huko shimoni kuna mtandao?”

“Hakuna.”

“Basi simu ilikuwa inafanya nini kutwa nzima?”

“Ilikuwa imetulia. Tochi tu.”

“Haikutulia. Simu isiyoona mnara inapiga kelele kuutafuta. Inaongeza nguvu, inaita, inaongeza tena. Tochi imekula kidogo. Kilichokula nyingi ni huko kutafuta. Ungeweka tu ile alama ya ndege inayozima mtandao, ikanyamaza.”

Mwanangu, nilitoka pale nikakaa juu ya gunia la mtu mbele ya duka la mbegu. Mimi nilikuwa chini ya ardhi nimejiona mjanja, na kile kijisanduku mfukoni kilikuwa kikiwatafuta ninyi mpaka kikafa. Kilikuwa na akili kuliko mimi. Kilikuwa na mapenzi kuliko mimi pia, ukitaka tuseme ukweli.

Kwa hiyo simu uliyo nayo, ile niliyokutumia, usiifanye vile. Huko chuoni utakutana na wasichana wenye skrini zinazowaka kama taa za kuvulia omena, mwangaza umepandishwa hadi mwisho mchana kweupe, video zinajicheza zenyewe bila mtu kuzitazama, data imewashwa, kile cha kuonyesha uko wapi kimewashwa, na kile cha kuunganisha spika kimewashwa ingawa hawana spika. Ikifika saa kumi wanatambaa ukutani wakitafuta tundu la umeme kama mende. Waache. Wewe shusha mwangaza. Zima usichotumia. Kama simu yako ina ile sura nyeusi ya skrini, itumie. Vikundi vya vichekesho toka, huna cha kuchekea huko. Ukipita mahali mtandao unapotapatapa, kama kule bondeni kwetu, weka alama ya ndege hadi upite, na ukishapita uitoe, usije ukasahau ukawa umejizika mwenyewe.

Kuna wengine watakushauri ufunge programu zote kila dakika, wapo kila mahali, ni ndugu zake Injinia. Ukiifunga uliyokuwa ukiitumia sasa hivi, simu inaianza upya na inakula zaidi. Na usilaze simu chini ya mto ikichaji. Wewe utakuwa muuguzi, utawaona wenyewe waliolala hivyo, utaletewa wakiwa na malengelenge.

Yule atakayekuuzia betri ya kubeba kupitia dirisha la gari, nyepesi kama kiberiti, imeandikwa nambari kubwa kubwa, mtazame tu. Chacha alinunua moja. Tulipoipasua tulikuta udongo. Mtu alikaa akafinyanga udongo akautia mle kwa uangalifu, na angeweza kutumia muda uleule kufanya kazi ya heshima.

Na mwanamume akikuambia kwamba hakukupigia kwa sababu betri iliisha, mwamini mara ya kwanza. Inatokea, mimi ni ushahidi. Mara ya pili muulize nambari yako. Kama haijui kichwani, basi betri haikuwa tatizo lake.

Maana hilo la nambari ndilo kubwa, na halina uhusiano na umeme hata kidogo. Hata ukiitunza vipi, ipo siku itakufa, au itaibwa, au itatumbukia majini. Nataka siku hiyo uweze kuchukua simu ya mtu yeyote, ya mlinzi, ya mgonjwa, na vidole vijue njia. Yangu, ya mama yako, na ya Min Achieng. Mimi sasa nazijua. Nazitamka nikishuka ngazi, tarakimu kwa kila kipandio, na Chacha aliye chini yangu ananijibu kwa matusi. Ya kwako ndiyo ya mwisho, na huwa inaishia pale mguu unapogusa maji.

Simu yangu haishuki tena. Hulala kwenye ndoo na mulika mwizi zote, kama mtu mwingine yeyote.

Tangu mwaka ule tumekuwa na ile flashi yetu. Nikitoka juu jioni, kabla sijanawa uso, nakupigia iite mara moja na kukata, nawe hupokei, unajua nimetoka. Hatujawahi kuzungumza kwa nini tunafanya hivyo. Mama yako anafikiri ni ubahili. Sasa unakwenda mbali, utakuwa na masomo ya jioni na wagonjwa na marafiki, na najua itafika siku utaona ni jambo la kitoto. Likikuchosha niambie. Lakini mpaka utakaponiambia, saa hiyo ya jioni naomba simu yako iwe hai. Saa nyingine zote ichezee utakavyo. Sikuombi uniite, wala uniandikie, wala unitumie picha ya chakula. Naomba tu ikiita, iwe na mahali pa kuitia.

Na ile chaji niliyokuambia nimeiwekea kazi ni hii. Nimeizima simu kabla ya kuanza kuandika. Asubuhi nitaiwasha nikimkabidhi Min Achieng, na itakaa ndani ya ndoo nami nitakuwa chini siku nzima utakapokuwa njiani. Ukifika Kitale, ukishaweka sanduku chini, nipigie iite mara moja. Nimemwambia jina lako likitokea asipokee, aiache ilie. Nikitoka nitakuta umefika, na itakuwa imebaki ya kukujibu mara moja. Nimepiga hesabu, inatosha kama hakuna mtu atakayeigusa.

Leo asubuhi ulipotoka nyumbani lazima ulipita pale kando ya nyumba penye ile migomba. Huwa naona unavyoikwepa. Nilikuona Krismasi ukizunguka nyuma ya choo ili usiipite, na umekuwa mtu mzima. Ukirudi likizo pita mbele yake tu. Chuma ndizi moja, uile, uone ni ndizi. Mimi siko pale. Mimi niko Masara, na simu yangu iko kwenye ndoo, imewashwa, inakungoja.

Baba yako